Andaa keneli kwa vipimo kabla prosesa haijalemewa

Seva ikianza kujikokota, wengi hukimbilia kuongeza prosesa. Mimi nasema pima kwanza, na ili upime vizuri, keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, iandaliwe tangu siku mashine inapowekwa. Kwenye Linux nyenzo ipo tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009: perf, inayosoma kaunta zilizomo ndani ya prosesa yenyewe na kukuonyesha ni maelekezo mangapi yametekelezwa, kwa mizunguko mingapi, na mara ngapi data imekosekana kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa.

Kinachowakwamisha watu ni perf_event_paranoid, mpangilio wa keneli unaoamua nani apime nini. Ikiwa 2, ambayo ndiyo chaguo-msingi la keneli tangu toleo la 4.6, mtumiaji wa kawaida hupima programu zake tu, ya ndani ya keneli hayaoni. Ushauri uliozagaa ni kuishusha hadi -1, kila mwenye akaunti aone kila kitu. Siukubali hata kidogo. Kwenye seva ya watu wengi, vipimo hivi vinaweza kufichua shughuli za wengine. Toleo la 5.8 la keneli lilileta CAP_PERFMON, ruhusa ya kupima bila kuwa msimamizi mkuu (root). Mpe ruhusa hiyo anayepima, basi.

Kaunta nazo ni chache, na kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD) moja kwa kawaida hushikwa na nmi_watchdog, inayochunguza kama prosesa imeganda. Ukiomba matukio (vitu vya kuhesabiwa) mengi kuliko kaunta zilizopo, keneli huyapa zamu, na perf hukadiria kilichobaki. Angalia mwisho wa mstari kwenye matokeo ya amri perf stat: ukikuta (62.48%), tukio hilo limehesabiwa kwa sehemu hiyo tu ya muda. Tarakimu ya namna hiyo siijengei hoja. Naizima nmi_watchdog kwa amri sysctl kernel.nmi_watchdog=0, napunguza matukio, napima upya, kisha naiwasha tena.

Lipo pia suala la -fno-omit-frame-pointer, chaguo la kompaila linalobakiza kielekezi cha kufuatilia funksheni ipi imeita ipi. Fedora 38, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilipoifanya chaguo-msingi mwaka 2023, kulikuwa na upinzani mkali kwamba inapunguza kasi. Gharama ipo kweli, ila kwa programu nyingi ni ndogo, na bila hiyo perf record -g, amri inayorekodi funksheni zilivyoitana, mara nyingi hukuletea mnyororo wa miito uliokatika katikati, umejaa [unknown]. Mimi programu zangu zote nazikompaili nayo. Upande wa keneli nahakikisha chaguo za CONFIG_PERF_EVENTS (ya perf yenyewe) na CONFIG_KALLSYMS (ya majina ya funksheni za keneli) zimewashwa, na kwa anayepima mpangilio wa kptr_restrict usimfiche anwani za keneli, ili ripoti imtajie funksheni kwa majina yake.