Saa 30 za leseni ya burudani si akiba

Mwandishi wa makala moja anasema kijana wa Dodoma akienda Marekani kusomea leseni ya rubani wa burudani (anayerusha ndege ndogo kwa kujifurahisha) ataokoa robo ya gharama, kwa kuwa inadai saa 30 angani badala ya 40 za leseni binafsi. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi tu. Saa 40 ni kiwango cha chini tu, wengi hufika 60 na zaidi, na wa burudani nao huzidisha 30. Halafu tazama masharti: abiria mmoja, mchana tu, maili 50 za baharini kutoka uwanja ulikoondokea, yaani kama kilomita 93. Kongwa utafika, Singida na Morogoro sahau. Viwanja vyenye mnara wa kuongozea ndege navyo havimo. Vizuizi vya umbali na mnara huondolewa kwa mafunzo ya ziada na saini ya mwalimu, lakini ukishayalipia, umekaribia leseni binafsi. Kubwa zaidi, leseni hiyo haimo katika viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na sheria ya Marekani yenyewe hairuhusu kuitumia nje bila idhini ya nchi husika. Hapo ndipo fedha huzama. Tena uwanja wa Dodoma uko futi 3,600 na ushee juu ya usawa wa bahari. Joto likigonga nyuzi 30, ndege hupanda kana kwamba iko juu ya futi 6,000. Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo, yenye watu wawili na tangi zilizojaa huhema. Kuna aliyebadilisha leseni ya nje hapa nchini? Aliongezewa mitihani gani?