Usaha kukauka si kupona

Makala moja imewahimiza wanaume wa Mwanza wakapime magonjwa ya zinaa. Sawa kabisa, ila haikugusa kosa la kila siku mialoni, kwenye fukwe za wavuvi: mtu anameza kapsuli mbili tatu za duka la dawa, usaha unaotoka uumeni ukikauka anarudi ziwani akijiona mzima.

Kisonono kwa kawaida hujitokeza siku 2 hadi 7 baada ya kujamiiana. Mkojo unachoma, usaha mzito wa njano unachafua chupi. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huja taratibu, wiki 1 hadi 3, majimaji mepesi tu, na wengi hawaoni dalili yoyote. Mara nyingi yapo yote mawili, ndiyo maana kituoni unachomwa sindano ya seftriaksoni mara moja, kisha unapewa dawa ya kumeza, doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 7. Siku ya 3 maumivu yamekwisha, na hapo ndipo watu huacha! Maliza, ndugu yangu. Meza kwa glasi nzima ya maji na usilale papo hapo, itakuunguza koo. Siprofloksasini, antibiotiki nyingine, usiitegemee, kisonono kimeshaizoea.

Kidonda kisichouma uumeni kipimwe kaswende hata kama kimefunga chenyewe. Korodani ikiuma na kuvimba ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, huenda imejisokota.

Utafiti wa vijijini mkoani Mwanza, 1991 hadi 1994, ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwenzi naye atibiwe, na msikutane kimwili mpaka nyote mmalize dozi.