Kitabu kimetoka, nani anajua?

Nilipokuwa nyumbani nilifanya kazi miaka sita kwenye shirika la uchapishaji la chuo kikuu kimoja, nikiwa mhariri. Siku moja nilimpelekea nakala tano za mwanzo profesa mstaafu aliyewahi kunifundisha isimu. Alizipokea kwa mikono miwili, akaifungua ya juu, akainusa, akapitisha kidole kwenye jina lake pale mgongoni. Kisha akaniuliza, "Binti yangu, kitabu kimetoka. Nani anajua kwamba kimetoka?"

Sikuwa na jibu. Mswada ule ulimchukua miaka kumi na mmoja. Sisi tulikaa nao miaka miwili, ukasomwa na wataalamu wa nje, ukarudishwa, ukasahihishwa. Tukachapa nakala mia tano, tukazifunga kwa kamba, tukaziingiza ghalani, na kwetu kazi ikawa imekwisha. Miezi minane baadaye Mwalimu alikuja mwenyewe na begi la nguo, akanunua nakala ishirini za kitabu chake ili akawagawie watu.

Sasa ni mwaka wa nne niko Marekani, kwenye shirika la aina ileile, ila huku nipo upande wa masoko. Swali la Mwalimu limenifuata hadi ofisini. Huku linaulizwa kabla kitabu hakijachapwa, na anayeliuliza ni mchapishaji.

Karibu mwaka mzima kabla ya kitabu kutoka, mwandishi anatumiwa fomu ndefu. Anaulizwa majarida gani yangekihakiki, mikutano gani ya wataalamu anahudhuria, ni walimu gani wanafundisha somo linalogusa kitabu chake. Kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote: eleza kitabu chako kwa mtu mwenye akili zake timamu ambaye hakusomea fani yako. Waandishi wengi hukwama hapo. Juzi tulikuwa na mswada wa historia ambao maneno ya jalada la nyuma yalianza na "mikabala ya kinadharia." Mwenzangu mmoja, aliyekuwa ameusoma wote, akauliza: sura ya tatu ina mwanamke aliyeficha barua za mumewe chini ya godoro kwa miaka thelathini, mbona simwoni hapa? Tulibishana saa nzima. Mwishowe yule mwanamke akawekwa kwenye sentensi ya kwanza, na mwandishi alipoyasoma alituandikia kwamba sasa ameelewa kitabu chake kinahusu nini.

Kuna pia kazi ambayo msomaji haioni kabisa. Kila kitabu tunachochapisha kina ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Huku namba hiyo husafiri na maelezo yake yote: muhtasari, mada, wasifu wa mwandishi, picha ya jalada, tarehe ya kutoka. Yanatumwa kwa wauzaji na maktaba miezi mingi mapema, hivyo mkutubi wa mbali anaweza kuagiza kitabu ambacho bado hakijafika kiwandani. Nyumbani namba tulikuwa nayo, tuliichapa vizuri kabisa nyuma ya jalada, lakini maelezo hatukuyapeleka popote. Ni kama kumpa mtoto jina halafu usimwite. Nikifikiria kwamba kazi hiyo inahitaji kompyuta moja, intaneti na mtu makini, moyo unaniuma.

Najua nitakachojibiwa: wenzetu wana pesa na wametangulia. Ni kweli wametangulia. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walipata hati ya mfalme Henry VIII ya kuwaruhusu kuchapa vitabu mwaka 1534, wakaanza kuchapa mwaka 1584. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha huku Marekani wanachapisha tangu 1878. Kuna hata Wiki ya Mashirika ya Uchapishaji ya Vyuo Vikuu, ambayo Rais Jimmy Carter aliitangaza mwaka 1978 na ambayo tangu 2012 inaadhimishwa kila Novemba. Lakini hadithi ya pesa haiko hivyo tunavyoisimulia. Kitabu cha kitaaluma huku mara nyingi kinauza nakala mia chache tu, na mashirika mengi hayawezi kusimama bila mkono wa chuo chenyewe. Tofauti ninayoiona ni kwamba chuo kinauhesabu mkono huo kuwa sehemu ya kazi yake ya kueneza elimu. Kwetu chuo kilitutaka tujilishe, nasi tukajilisha kwa kuchapa vijitabu vya kujibia mitihani. Msimu wa mitihani ukifika, miswada yote inasogezwa pembeni.

Na jambo jingine, ambalo linaniudhi zaidi. Nyumbani kitabu kikishahesabiwa kwenye kikao cha kupandisha vyeo, hakuna tena anayekihitaji kisomwe. Mhadhiri amepanda daraja, chuo kina cha kuandika kwenye ripoti, shirika limeongeza jina kwenye orodha. Msomaji hayumo katika hesabu hiyo.

Sitaki mtu adhani huku ni peponi. Bei ya vitabu vyenye jalada gumu inamzuia hata mwanafunzi wa mwandishi mwenyewe, na vingi vinaishia maktaba. Nimeandaa mazungumzo ya mwandishi aliyesafiri saa tano kwa ndege, ukumbini wakaja watu wanane, wawili wakiwa wenzangu wa ofisini. Wakati huohuo, kitabu cha Mwalimu wangu, kile kilicholala ghalani, nilikikuta kikitembea kwa wanafunzi wa nyumbani kwa vivuli vya fotokopi, sura ya nne imefifia mpaka herufi hazisomeki. Kwetu wasomaji wapo na kitabu hawajui kinapatikana wapi. Huku kitabu kinajulikana, msomaji ndiye anayetafutwa kwa tochi. Kwa maoni yangu sisi ndio tulio karibu zaidi na suluhisho, maana tatizo letu ni la kufikisha habari, na hilo ni jepesi kuliko kumfanya mtu asiyetaka kusoma atake.

Hata ghala lenyewe si la lazima tena. African Books Collective, yenye makao Oxford, Uingereza, na inayomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe, inauza ughaibuni vitabu vinavyochapwa kadiri vinavyoagizwa. Hapo nimenunua vitabu vya nyumbani ambavyo nilipokuwa nyumbani sikuwahi kuviona dukani.

Mwalimu ana mswada mwingine sasa. Shirika letu la zamani limeupokea, na mhariri aliyeshika nafasi yangu, kijana msikivu sana, aliniomba ile fomu. Niliitafsiri kwa Kiswahili siku mbili za mapumziko, nikaondoa maswali yasiyotuhusu, nikamtumia. Jumapili iliyopita tuliijaza na Mwalimu kwa simu, maana macho yake yamechoka. Nikamsomea: taja watu kumi ambao ungependa wakipate kitabu hiki mapema.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kuwataja polepole, na kila jina alilifuatilia na sababu. Huyu anafundisha sekondari na aliwahi kumwandikia barua kupinga ukurasa mmoja. Huyu anatangaza redioni na anapenda lugha. Huyu ni mkutubi aliyemtunzia magazeti ya zamani. Tulipofika wa kumi nikamwambia nafasi zimeisha.

"Ongeza mistari, binti yangu," akasema. "Ndio kwanza nimeanza."