Ile picha ni ya tarehe ngapi?

Jumanne nimeamka nikakuta ujumbe mia na kitu kwenye grupu ya familia. Nikajua kuna msiba. Kumbe ni picha: ramani ya Afrika, mstari mwekundu mnene umetoka Bahari ya Hindi, umeipasua Tanzania katikati, umevuka ziwa Tanganyika, na mshale wake umeishia Bukavu, mjini kwetu. Chini yake: KIMBUNGA KINAKUJA, TUMA KWA WATU 10. Mjomba ameshaandika "Mungu iko mukubwa" mara tatu. Shangazi wa mtaa wa Panzi ameshapandisha mtoto kuweka mawe juu ya mabati.

Jamani. Tuko digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, milimani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Kimbunga kinakula joto la maji ya bahari. Kikipanda nchi kavu njaa inakimaliza, kinabaki mvua tu. Na huku karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukizungusha hata kikitaka. Hata Hidaya, kimbunga cha Mei 2024 kilichowatesa watu wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, kilikufa palepale pwani.

Ningecheka nikaendelea na chai yangu. Lakini mstari mwekundu mimi siuchekei tena.

Desemba 2024 mdogo wangu alikuwa Mayotte, kile kisiwa cha Wafaransa karibu na Komoro. Wengi wenu mna mtu kule, kwa hiyo sina haja ya kueleza alifikaje wala alikuwa analala katika nyumba ya namna gani. Ijumaa tarehe 13 usiku akanitumia picha: bahari ya buluu, visiwa kama punje za mtama, mstari mmoja unapita kaskazini, mbali kidogo na kisiwa chao. "Yaya, mustari inapita mbali na siye. Minalala." Nami, mkubwa mwenye akili zangu, niliyesoma, nikajibu: "Lala salama."

Niliangalia mstari. Sikuangalia pembeni chini, palipoandikwa kwa herufi ndogo kama chawa: tarehe 11, saa 12 UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima. Chakula cha juzi. Usiku huohuo kisiwa kilikuwa kimewekwa kwenye tahadhari nyekundu, sisi wawili tunaambiana usiku mwema.

Jumamosi asubuhi kimbunga Chido kikapiga, upepo ukizidi kilomita 200 kwa saa. Siku nne simu yake haikupatikana. Siku nne Mama hakula. Siku ya tano akapiga kwa simu ya mtu: nyumba haipo, yeye yupo, mkono una nyuzi tisa. Nikamuuliza ile picha alitumiwa na nani. Rafiki. Na rafiki alitumiwa na rafiki.

Tangu siku hiyo nakesha nikisoma mambo haya kwa megabaiti zangu mwenyewe, na nimeelewa kitu kimoja ambacho natamani kukibandika kwenye kila mlango wa mtaa wetu wa Kadutu. Modeli, ile programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, haioni kesho. Inachukua hali ilivyo sasa, kutoka kwenye satelaiti, meli, ndege na maputo, halafu inapiga hesabu kwenda mbele. Ukikosea kidogo mwanzoni, siku ya tano umekosea kilomita mamia. Wenye kazi, watabiri wa hali ya hewa, wanalijua hilo, ndiyo maana hawapigi hesabu mara moja. Wa Ulaya wanaipiga mara 51, kila mara wakigusa mwanzo kidogo tu. Wamarekani mara 31. Kila hesabu inazaa mstari wake, na ukiichora yote pamoja unapata sahani ya spageti. Utabiri ni sahani nzima! Spageti zikilala pamoja, jiandae. Zikitawanyika, hizi Msumbiji, hizi Madagascar, zingine zimerudi baharini, basi bado mapema, subiri sahani inayofuata. Wewe unachomoa uzi mmoja, unaupaka rangi nyekundu, unautuma kwa watu 10. Ni sawa na kuuliza bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwa mama mmoja sokoni, tena juzi, halafu unautangazia mji mzima.

Na sahani inapikwa upya kila baada ya saa sita. Ile ya UTC sifuri inaanza saa nane za usiku kwetu, matokeo yanatoka asubuhi. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe na saa ni pambo tu. Tena mstari ni njia ya jicho la kimbunga, kitovu chake tu. Upepo una upana wake. Hata ile koni ya Wamarekani, eneo wanalochora kuonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, watu wanaisoma kama ukuta wa parsele, wa kiwanja, "mimi niko nje, nimepona", wakati kitovu chenyewe kinabaki ndani yake kama mara mbili tu katika kila tatu.

Nguvu ndiyo usiseme. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilitoka dhoruba ya kawaida kikafika daraja la tano, la juu kabisa, kwa siku moja hivi, kikawaangukia watu wa Acapulco, Meksiko. Modeli zilikuwa zimelala.

Sawa, nitakubali, shingo upande: mwaka 2012 modeli ya Ulaya iliona kimbunga Sandy kitageukia pwani ya Marekani wiki nzima kabla. Ni kazi kubwa ile. Haikutoka kwenye grupu ya "tuma kwa watu 10".

Linaloniuma hasa ni lingine. Mei 2023, Kalehe, mkoa wetu huuhuu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, mafuriko yaliua zaidi ya watu 400. Mvua isiyo na jina, isiyo na jicho, ya siku moja milimani. Modeli hizi kubwa zinafuatilia kimbunga cha kilomita mamia. Mvua ya bonde moja kwao ni sambaza kwenye wavu wa matundu makubwa, inapita tu. Kwa hiyo hakuna aliyetuma ramani siku ile. Hakuna hata mstari wa uongo.

Shangazi, mawe yaache, hayadhuru. Ila mpeleke huyo mtoto azibue mfereji nyuma ya nyumba, pale kilima kinapoanza.

Na wewe uliyetuma, nimeshakuuliza mara mbili, naona umesoma: ile picha ni ya tarehe ngapi?