Ndevu za Baba Mkwe

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua maji, vuli nayo ikagoma kunyesha, Dar es Salaam tukaingia kwenye mgao. Kwetu Tabata mke wangu akapitisha sheria: tone halimwagwi. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mchicha. Ya kufulia yanadekia, yakibaki yanaflashi choo. Bafuni zikapangwa ndoo ukutani, na kila wa nyumbani anajua ipi ya nini. Ya kuogea ina mfuniko, ya chooni haina.

Katikati ya joto hilo akaingia baba mkwe kutoka Muheza. Mzee wa heshima zake, ndevu nyeupe kama pamba. Sasa wewe mwenzangu, unaanzaje kumwambia mkweo, "Shikamoo baba, karibu sana, ile ndoo ya pembeni ni ya chooni"? Nikamwachia mke wangu aseme. Kumbe naye kaniachia mimi.

Ijumaa mke wangu kafua mashati ya shule ya watoto, kayasuuza kwa bluu, na maji yake kayatunza kama sheria inavyotaka. Umeme hakuna, na bafu letu bila taa ni giza totoro hata mchana. Mzee akaingia kuoga josho la Ijumaa. Tukasikia kopo linachota, linamwaga, linachota tena, hana habari ya mgao.

Akatoka. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua, udi unanukia hadi kwa jirani. Na ndevu za samawati.

"Vipi, nimekaa sawa?"

"Umependeza, baba."

Mwanangu wa mwisho akafungua mdomo atoe ushahidi. Mama yake akauziba kwa andazi.

Mzee akaenda zake msikitini. Mimi nikabaki kibarazani napanga maneno ya kuomba radhi, kila nikiyapanga yananipotea. Saa nane namwona anarudi, kaongozana na wazee wawili nisiowajua. Nikasema leo ndoa imekwisha.

"Mkwe," akaanza, huku anajipapasa kidevu, "hawa wenzangu wamezisifia sana ndevu. Nimewaambia ni ile dawa mnayotia kwenye maji ya kuoga. Mmebakisha kidogo?"

Kabla sijajibu, nikasikia huko jikoni mke wangu anatafuta chupa tupu.