Moshi Ukioshwa, Uchafu Huenda Wapi?

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ukinasa tani 1 ya dioksidi ya salfa kabla haijatoka kwenye dohani, tani hiyo haitoweki. Huhitaji takriban tani 1.6 za mawe ya chokaa yaliyosagwa na kukorogwa kwenye maji, na mwisho wake ni kama tani 2.7 za jasi, unga mweupe wa kutengenezea dari, pamoja na maji machafu yaliyobeba mengine yaliyokuwamo kwenye moshi. Hewa imepata nafuu. Je, maji? Hapo ndipo maoni hugawanyika. Wapo wanaouona uoshaji wa moshi kuwa ushindi usio na ubishi, na wapo wanaosema ni kuhamisha taka kutoka sebuleni kwenda uani.

Hawa wa pili wana historia ya kuwasaidia. Desemba 1952 ukungu wa moshi ulitanda London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu, na mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Dawa mojawapo iliyotumika miaka iliyofuata ilikuwa kurefusha dohani ili upepo uupeleke moshi mbali. Upepo ukafanya kazi yake. Dioksidi ya salfa ikikaa angani siku kadhaa hugeuka tindikali na kushuka na mvua, na maziwa ya Norwei na Uswidi, ambayo miamba yake haina chokaa ya kuzimua tindikali, yakapoteza samaki. Maji yakishuka chini ya pH 5 (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi), mayai mengi ya samaki hayaanguliwi. Tindikali hiyohiyo huichopoa alumini kutoka kwenye udongo, nayo huharibu matamvua hadi samaki akose pumzi. Mkataba wa Geneva wa 1979 kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka ulizaliwa na mgogoro huo.

Hata hivyo, hoja ya wanaotetea kuosha moshi ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku, ilhali hunywa lita 2 au 3 za maji. Maji anaweza kuyachuja, kuyachemsha, hata kuyakataa. Hewa hana hiari nayo. Chembechembe za PM2.5, yaani zisizozidi maikromita 2.5, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Nyingi ya chembe hizo hazitoki bombani zikiwa vumbi, bali huundwa angani kutokana na gesi za salfa, naitrojeni na amonia, kwa hiyo anayenasa gesi amezuia chembe. Tena, sumu iliyosambaa kwenye mamilioni ya mita za ujazo za moshi, ikishaingia majini inakuwa imekusanywa mahali pamoja, inapoweza kushughulikiwa.

Inaweza, ila si lazima ishughulikiwe. Maji ya kuoshea moshi huzungushwa tena na tena, na kloridi itokayo kwenye makaa hujilimbikiza humo hadi ianze kula vyuma na kuzuia chokaa kuyeyuka vizuri. Ndipo sehemu ya maji hutolewa. Utaratibu wa kawaida wa kuyasafisha ni kuongeza chokaa hadi pH ikaribie 9 ili metali nyingi zigande, kutia kemikali yenye salfa ya kunasa zebaki, kutia kloridi ya chuma ili chembe ndogo zishikane, kisha kuyatuliza maji na kulikamua tope. Kwa zebaki na risasi, hatua hizo hufanya kazi nzuri. Kwa seleniamu, elementi nyingine itokayo kwenye makaa, iliyokwisha kuwa selenati, yaani umbo lake lenye oksijeni linaloyeyuka majini, hazifui dafu: haigandi, inapita. La kuudhi ni kwamba hewa inayopulizwa kwenye tangi la kuoshea moshi ili jasi iwe ya kuuzika ndiyo inayoweza kuongeza selenati. Kuiondoa huhitaji tangi la bakteria wanaofanya kazi pasipo oksijeni, na tangi hilo ni gharama nyingine. Bromidi, chumvi ya bromini, nayo hupita hatua zote, na ikifika kwenye chanzo cha maji ya kunywa upande wa chini wa mto, hukutana na klorini ya kuulia vijidudu na kuzaa trihalomethani zenye bromini, kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani. Msimamizi wa maji ya bomba anajikuta akilipia moshi wa mtu asiyemjua.

Majivu yana hesabu hiyohiyo. Vichujio vinavyotumia chaji ya umeme hunasa zaidi ya asilimia 99 ya majivu yarukayo, na njia rahisi ya kuyahifadhi imekuwa kuyachanganya na maji na kuyasukumia bwawani. Tarehe 22 Desemba 2008 ukingo wa bwawa la namna hiyo ulibomoka kwenye mtambo wa Kingston, Tennessee, Marekani. Karibu mita za ujazo milioni 4 za tope zilimwagika, nyingine zikiingia mto Emory, na usafishaji ukagharimu zaidi ya dola bilioni 1. Kosa hapo halikuwa kunasa majivu. Kosa lilikuwa kuyaloweka, wakati yangeweza kuhifadhiwa makavu juu ya tabaka lisilopitisha maji.

Baharini ubishi ni mkali zaidi. Tangu Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli haitakiwi kuzidi asilimia 0.50, kutoka 3.50 za awali, lakini meli inaruhusiwa kuendelea na mafuta machafu ikiwa inaosha moshi wake. Mfumo wa wazi huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye moshi na kuyarudisha baharini, kwa kadirio la mita za ujazo 45 kwa kila megawati-saa. Injini ya megawati 10 basi hutoa mita za ujazo 450 kwa saa. Watetezi wanasema salfati tayari imejaa baharini, na katika hilo hawajakosea. Ila maji hayo hubeba pia metali za vanadiamu na nikeli na kemikali za masizi, na bandarini hayana pa kutawanyikia. Singapore iliyapiga marufuku kwenye maji yake tangu kanuni hiyo ilipoanza.

Basi uchafu na uzuiwe kwenye chanzo? Risasi ilipoondolewa kwenye petroli ya magari, kazi iliyokamilika duniani mwaka 2021, hapakubaki taka ya kutafutiwa jalala. Lakini chanzo nacho kina mitego. Marekani iliongeza MTBE, kemikali yenye oksijeni, kwenye petroli ili iungue vizuri na kupunguza monoksidi ya kaboni. Kemikali hiyo huyeyuka sana majini, haishikwi na udongo, na huchelewa kuoza, kwa hiyo matangi ya chini ya vituo vya mafuta yalipovuja, ilitangulia mbele ya sehemu nyingine za petroli hadi visimani. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake.

Kwangu, mizani inaamuliwa na muda. Chembe angani huanguka ndani ya siku au majuma chanzo kikizimwa, ilhali maji ya ardhini yanaweza kubeba sumu miongo kadhaa. Kuosha moshi kunakubalika pale tu kibali cha kuendesha mtambo kinapohesabu hewa, maji na taka ngumu kwa pamoja, kama Umoja wa Ulaya ulivyoagiza mwaka 1996 kwa viwanda vikubwa. Kipimo chake si kigumu. Makaa tani milioni 1 yenye miligramu 0.1 za zebaki kwa kilo huingiza kilo 100 za zebaki mtamboni. Ripoti ikionyesha kilo 10 kwenye moshi na 60 kwenye jasi na majivu, kilo 30 hazijulikani ziliko, na pa kuanza kupima ni tope na maji yanayotoka. Zile za kwenye jasi nazo zifuatiliwe hadi kiwandani, kwa sababu jasi ikichomwa ili kutengeneza dari, sehemu ya zebaki hurudi hewani.