Gus Rodríguez: mwanahabari au mpiga debe wa Nintendo?

Kuna hoja dhidi ya Gus Rodríguez, Mmeksiko aliyefariki Aprili 2020, ambayo si ya kupuuza: kwamba hakuwa mwanahabari wa michezo ya video, alikuwa mpiga debe wa Nintendo, kampuni ya Kijapani inayotengeneza michezo hiyo.

Jarida aliloanzisha mwaka 1991 pamoja na José Sierra liliitwa Club Nintendo, na lilikuwa jarida rasmi la kampuni hiyo. Mwaka 1995 akaingia TV Azteca, kituo cha runinga cha Meksiko, na kipindi cha Nintendomanía. Jina la mwenye mali liko mlangoni kabisa. Aliyetaka habari za washindani kama Sega au Sony ilibidi atafute kwingine. Mwandishi anayemtegemea anayemwandika atashikwa na kigugumizi siku ya kumkosoa, na hilo sitalitetea.

Ila wanaoishia hapo hawajamtazama msomaji. Miaka ile michezo mingi ilifika kwa Kiingereza, mingine kwa Kijapani. Mtoto wa Guadalajara, mji wa Meksiko, anamkuta mzee kijijini ndani ya mchezo, mzee anamweleza mengi, na humo ndimo ilimo siri ya mlango uliofungwa. Mtoto haambulii neno. Anabonyeza tu mpaka mzee anyamaze, kisha anazunguka msituni jioni nzima. Jarida likampa ramani, mbinu na maelezo kwa Kihispania, tena Kihispania cha kuongea nyumbani.

Na hapa ndipo ule ufundi wake mwingine ulipomfaa. Gus aliandika vichekesho vya runinga. Kalamu yake imo katika vipindi vya mchekeshaji Eugenio Derbez, kikiwemo La familia P. Luche. Mtu aliyezoea kutunga maneno ya kuichekesha familia nzima sebuleni hawezi kumwandikia mtoto kama anasoma karatasi ya maelekezo ya dawa.

Watoto wakamjibu kwa barua. Bahasha zilifika zimechorwa, Mario na Link, wahusika wa michezo ya Nintendo, wamebanana pembeni mwa anwani, rangi zimekolezwa kwa subira, na jarida likaichapisha michoro hiyo. Fikiria kazi yenyewe: kuchora, kununua stempu, kwenda posta, kisha kungoja toleo lijalo uone kama umo. Mpiga debe hana habari nawe ukishapanda gari. Huyu alikuwa anafungua barua za abiria.

Je, wangekuwa na mkosoaji huru, wangenufaika zaidi? Kwa pesa za wazazi wao, naam, kwani wangeonywa mapema kuhusu mchezo mbovu. Lakini mkosoaji anaanza kwa kudhani msomaji ameshauelewa mchezo, na hawa walikuwa bado wanahitaji wa kuwashika mkono.

Jarida la karatasi lilikoma mwishoni mwa 2014, baada ya miaka 23. Mara nyingi nairudia hesabu hiyo. Aliyeanza kulisoma mwaka wa kwanza akiwa na miaka 9 alikuwa na 32 toleo la mwisho lilipotoka, pengine na mtoto wake mwenyewe akimuuliza yule mzee wa kijijini anasema nini.